Toeni Ukuta wa Majani, Rudisheni Benchi

Kuna ukuta mmoja ambao umezaa watoto Nairobi nzima. Unaujua. Ni wa majani ya plastiki, kijani ambacho hakipatikani shambani kokote, na katikati yake kuna taa ya neoni ya rangi ya waridi yenye maneno ya Kiingereza kuhusu mapenzi, kahawa au Mungu, kutegemea mwenye duka anauza nini. Uko kwenye mikahawa ya Kilimani. Uko kwenye saluni za Kasarani na maduka ya keki kando ya Thika Road. Mwezi uliopita niliukuta kwa kinyozi mmoja Pipeline, chumba ambacho ukinyoosha mikono miwili unagusa pande zote. Ukuta huu haukuota wenyewe. Kuna mtu anauhubiri, na leo nimekuja kubishana naye.

Mahubiri yanaenda hivi. Usiuze chai, uza tajriba. Usiuze kusuka nywele, uza kumbukumbu. Chagua thimu, yaani wazo moja la kuvalisha biashara yako yote: Paris, Bali, ushago, miaka ya tisini, chochote kile ilimradi kisiwe mahali ulipo. Livalishe duka kuanzia mlangoni hadi chooni. Mteja aingie, ashangae, apige picha, aiweke Instagram, marafiki zake waone, nao waje wapige zao. Haya utayasikia kwenye video za dakika moja, na kwenye mafunzo ya Jumamosi katika kumbi za hoteli, chai na samosa moja ndani ya ada. Wanaofundisha wanajiita makocha. Sijawahi kukutana na kocha hata mmoja aliyewahi kuuza mandazi.

Mimi nasema mahubiri hayo yanawala wafanyabiashara wadogo. Yanawanyang'anya kitu walichokuwa nacho tayari, kisha yanawauzia mfano wake wa plastiki, kwa mkopo.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ilipotushinda nyumbani, lakini kabla ya kufunga virago nilikuwa nimekaa darasa la masoko muda wa kutosha kujua wazo hili limetoka wapi. Limetoka Marekani. Joseph Pine na James Gilmore waliliandikia makala kwenye Harvard Business Review mwaka 1998, na mwaka uliofuata wakatoa kitabu, The Experience Economy. Mfano wao maarufu ni wa keki ya siku ya kuzaliwa. Zamani mama alinunua unga, sukari na mayai akaoka mwenyewe, gharama ikawa senti tu. Baadaye akanunua unga uliochanganywa tayari kwenye pakiti. Baadaye akaagiza keki kwa mwokaji. Mwishowe akawalipa watu waandae sherehe yote, na keki ikaja bure, kama nyongeza. Kila hatua bei inapanda, na kinachouzwa mwishoni ni siku yenyewe.

Si wazo la kijinga. Yeyote aliyewahi kulipa pesa kuona mpira kwenye baa wakati nyumbani kuna televisheni anaelewa. Lakini makocha wetu huruka kurasa. Wale wale wawili walisema huwezi kudai uko kwenye biashara ya tajriba mpaka uweze kumtoza mtu kiingilio, kama sinema au uwanja wa mpira. Sasa niambie, nani Kayole atalipa kiingilio kabla ya kusukwa?

Na kuna ukurasa mwingine. Katika makala yao walitaja mikahawa ya thimu, Planet Hollywood ikiwemo, kama mahali ambapo chakula ni kisingizio tu cha burudani. Planet Hollywood ilifunguliwa New York mwaka 1991, ikipigiwa debe na Arnold Schwarzenegger, Sylvester Stallone na Bruce Willis, kuta zimejaa nguo na vifaa vya filamu. Mwaka 1999, mwaka ule ule kitabu kilipotoka, kampuni ilikimbilia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Mwaka 2001 ikarudi tena kuomba. Mtu aliingia, akaona koti la filamu, akala baga, akaenda zake. Koti ameshaliona, arudie nini? Na hao walikuwa na New York, watalii wapya kila asubuhi. Kayole hatuna watalii. Mteja wa Jumatatu ndiye huyo huyo wa Ijumaa, na akikuchoka wewe umekwisha.

Dada yangu ni msusi. Kwa miaka minne alikuwa na saluni Kayole, chumba cha kupanga chini ya ghorofa, viti vitatu, kikaushio kimoja, na nje chini ya kivuli cha roshani ya jirani, benchi refu la mbao. Nataka uelewe lile benchi. Waliokaa pale mara nyingi hawakuwa wakisukwa. Alikaa mama anayengoja maji ya mfereji yarudi, mitungi yake imepangwa mbele kama watoto gwaride. Alikaa muuza njugu akipumzisha miguu. Walikaa watoto wa shule wakifanya kazi ya nyumbani kwa sababu mama zao walikuwa ndani kwenye kiti, na rasta ndogo zinakula saa tano, hata sita. Mtoto mchanga alipita mapaja matano kabla ya kurudi kwa mwenyewe. Githeri ikinunuliwa, inanunuliwa kwa wote. Hapo ndipo ulijua nyumba gani ina chumba wazi, mwenye nyumba gani anapandisha kodi, zahanati gani ina dawa wiki hii. Chama cha akina mama kumi na wawili kilianzia kwenye benchi hilo na bado kiko.

Na lilikuwa linaingiza pesa, hili ndilo kocha hakuliona. Mtu alikuja kukaa tu, akaona kichwa cha mwenzake kinavyopendeza, akauliza bei, wiki iliyofuata akawa yeye kwenye kiti. Miaka minne bila tangazo hata moja.

Mwaka juzi dada yangu alialikwa kwenye mafunzo ya wanawake wafanyabiashara. Kocha akaja mpaka saluni kuikagua. Akasema nafasi iko, mikono iko, ila mahali panaonekana kienyeji. Akasema benchi linafukuza mteja wa daraja la juu. Akafungua simu, akaonyesha thimu tatu zilizokuwa tayari, achague moja. Dada yangu akachagua Paris. Dada yangu, tafadhali, hajawahi kufika Namanga.

Ilimgharimu shilingi 85,000. Elfu arobaini zilitoka kwenye chama, zilizobaki ni mikopo ya simu, ile inayokupigia hata shangazi yako ukichelewa siku mbili. Zikanunua karatasi ya ukutani yenye mnara wa Eiffel kutoka sakafuni hadi darini. Zikanunua taa ya neoni. Zikanunua kiti cha mahameli cha waridi ambacho hakikuruhusiwa kusukiwa mtu, ni cha picha. Benchi likatolewa. Mlangoni pakabandikwa masharti: hakuna chakula, hakuna watoto. Rasta zilizokuwa 1,200 zikawa 1,800, maana mnara wa Eiffel hauji bure.

Mwezi wa kwanza palijaa. Wasichana walitoka Umoja na Donholm, wakakaa kwenye kile kiti, wakapiga picha, wengine wakasukwa kweli. Mwezi wa pili walikuwa wameshapiga. Wale wateja wa miaka minne hawakugombana naye. Hivyo ndivyo mteja wa mtaani anavyoondoka, hasemi kitu. Anakusalimia vizuri, anauliza watoto, halafu unamwona na kichwa kipya na hukumsuka wewe. Walienda mlango wa tatu kutoka hapo, kwa msusi mwingine aliyekuwa na akili ya kununua benchi lile lile lilipouzwa.

Saluni ilifungwa baada ya miezi saba. Kiti cha mahameli kikachukuliwa na mpiga picha wa harusi kwa 3,000. Dada yangu sasa anasuka majumbani, anapanda ngazi za ghorofa sita na begi la nywele mgongoni, na bado kuna deni. Kile chumba kinauza gesi siku hizi, na mnara wa Eiffel uko pale pale ukutani nyuma ya mitungi. Kocha naye hajambo. Picha ya saluni hiyo, kabla na baada, bado iko kwenye slaidi zake. Inaishia kwenye baada. Hakuna picha ya baada ya baada.

Najua utasema hiyo ni saluni moja. Sawa. Basi tuangalie zinazofaulu, tuone kama ziliandikiwa slaidi.

Nenda Mombasa, Mji wa Kale, jua likianza kuzama. Utamsikia muuza kahawa kabla hujamwona, anagonganisha vikombe vidogo kwa vidole vya mkono mmoja, kwa mwingine kabeba dele la shaba lenye makaa chini. Ukitaka thimu, hiyo ni thimu kamili: sauti, chombo, saa yake, baraza lake. Mtalii anaipiga picha kila siku. Lakini tazama kila kitu kina kazi. Makaa yanaweka kahawa moto akitembea. Vikombe ni vidogo kwa sababu kahawa ni chungu na nzito. Kashata ipo kwa sababu ya huo uchungu. Na mlio wa vikombe unasema nimefika, tokeni. Ukimnyang'anya vikombe hivyo umemnyang'anya mdomo. Mnyang'anye kinyozi wa Pipeline majani yake ya plastiki uone kama kuna nywele itakayokosa kunyolewa.

Hata wakubwa wanaodumu wanafuata kanuni hiyo hiyo. Carnivore pale Lang'ata ipo tangu 1980. Nimeingia mara moja, kwa pesa ya mtu mwingine, na nilikula kama mtu ambaye hatarudi. Mezani kuna kibendera. Kikiwa kimesimama, wanaleta nyama kutoka motoni na kukukatia kwenye sahani yako, hata kama unaomba maji. Ukikilaza umesalimu amri. Zamani kulikuwa na nyama za porini, sheria ikazikataza, sasa ni mamba na mbuni wa kufugwa pamoja na nyama za kawaida. Nyama ikabadilika, kibendera kikabaki. Kwa nini? Kwa sababu kibendera kinafanya kazi, kinaongea na weita wakati mdomo wako umejaa.

Lakini mfano wangu mkubwa hauna mlango wala menyu. Una magurudumu.

Matatu ilizaliwa kama biashara ndogo, gari moja, mwenye gari mmoja, nauli ya senti 30 iliyolipa jina lake. Mwaka 1973 Jomo Kenyatta aliruhusu magari hayo yabebe watu bila leseni ya usafiri, na tangu hapo kila mwenye gari alijua kwamba mwenzake wa nyuma anaenda huko huko kwa bei hiyo hiyo. Utafanya nini ili abiria apande yako? Utaipaka rangi. Utaiweka muziki. Utaipa jina. Mwaka 2004 zikaja sheria za Michuki: mkanda kwa kila kiti, kidhibiti mwendo, mstari wa manjano ubavuni, na michoro ikafutwa. Nairobi ikawa kama imevaa sare ya shule. Miaka kama kumi baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore, na nganya zikarudi zikiwa na hasira.

Leo nganya ya Rongai au ya Buru inazinduliwa kama albamu. Watu wanangoja itoke kwa fundi. Nyuma yake kuna wachoraji, mafundi wa bodi, wa taa, wa spika, wa viti, wengi wao vijana ambao shule iliwatema kama ilivyonitema mimi, na mikono yao inajulikana kwa jina mtaani. Ndani kuna rapa aliyekufa, mshambuliaji aliyefunga wiki iliyopita, mhubiri, mwanasiasa, wote kwenye dari moja na hakuna anayegombana. Hakuna mkahawa wa Westlands wenye thimu iliyofanyiwa kazi kiasi hicho.

Kwa nini nganya haikufa kama Paris ya Kayole? Kwa sababu abiria wa 125 anaenda Rongai. Anaenda leo, anaenda kesho, atakwenda mpaka ahame. Muziki na skrini vinapigana na kitu halisi, saa nzima ya jam, kwapa la jirani, mvua, bosi aliyekutukana. Thimu imemwagwa juu ya haja iliyokuwepo. Tena abiria mwenyewe ndiye anayechagua: nganya ikichusha, watoto wa shule wanaiacha ipite tupu, na mwenye gari anairudisha kwa mchoraji. Siiti matatu malaika. Nauli inapanda na mawingu, spika inakupasua sikio, na makanga atamtaja mama yako bila kupumua. Lakini hakuna anayetoka pale akijiuliza alikuwa nchi gani.

Kuna thimu moja ninayoichukia kuliko Paris, nayo ni thimu ya kibanda. Umeiona. Mkahawa wenye maegesho na mlinzi, ndani meza za mbao chakavu zilizochakazwa kwa makusudi, mabati mapya yaliyopakwa rangi ya kutu, sufuria zilizobonyezwa. Githeri kwa 650. Chapo madondo kwa jina refu. Mkahawa mmoja wa aina hiyo uliniita niandike menyu, kila chakula na hadithi yake fupi kuhusu mtaa. Niliandika, nikalipwa baada ya kupiga simu mara tisa, nikalipa kodi ya nyumba. Kazi ni kazi. Ila kwa siku zile nne nilizokaa pale nikinukuu majina ya vyakula, niliona jinsi kinavyoendeshwa.

Maweita walivalishwa aproni zenye viraka. Viraka vipya, vimeshonwa na cherehani, kwenye aproni isiyo na tundu. Walifundishwa kuwaita wateja "kastoma" na "mrembo" kwa sauti ya sokoni, na walifundishwa na mtu ambaye hajawahi kwenda Gikomba. Chai ililetwa kwa vikombe vya bati. Weita mmoja aliniambia, akiosha hivyo vikombe, kwamba kwao Mukuru wanakunywa kwa vikombe vya aina hiyo hiyo, na kwamba mama yake amekuwa akiweka akiba anunue seti ya kioo. Alisema hivyo akicheka. Anatoka Mukuru saa kumi na moja asubuhi, anapanda magari mawili, anavaa kiraka, anaigiza Mukuru mpaka saa mbili usiku, anavua kiraka, anarudi Mukuru. Mshahara wake haukuwa na thimu yoyote, ulikuwa mshahara wa kawaida wa weita, na bakshishi iligawanywa na ofisi.

Miezi hiyo hiyo, mtaani kwetu, mama wa chapo ambaye kibanda chake kilikuwa na kutu ya kweli alivunjiwa. Watu walikuja na lori alfajiri, na tulipoamka kulikuwa na mawe matatu ya jiko na alama nyeusi ukutani. Hakuna aliyempigia picha. Sasa anauzia kwenye ngazi za ghorofa yetu, chapati ziko kwenye beseni chini ya kitambaa, simu iko sikioni asikie mtu akimwambia wanakuja. Kutu ya kupakwa inalipiwa kodi ya jengo na inalindwa na askari wa kampuni. Kutu ya mvua inabebwa na lori.

Huyo mama nimekula kwake tangu nilipotoka chuo. Anajua kwamba sili chapo ya pembeni ya sufuria. Anajua nina deni la 140, na anajua nalipa mteja akinilipa, kwa hivyo huuliza kuhusu wateja wangu kama anayeuliza kuhusu ng'ombe wangu. Mwaka jana nilipokuwa na homa, aliona siku tatu sijashuka, akamtuma mtoto na supu. Hapa ndipo makocha wameelewa vibaya kabisa hilo neno lao, kumbukumbu. Wanamwambia mwenye biashara ndogo ajitahidi akumbukwe. Lakini biashara ndogo, siku zote, imeishi kwa kukumbuka. Yeye ndiye mwenye kukumbuka: nani anaweka sukari, nani ana kisukari, nani mtihani wake ni Jumatano, nani ameachwa na hataki kuulizwa. Maduka makubwa yanagharamia kadi za pointi na programu za simu kutafuta nusu ya anachojua mwanamke huyu bila daftari. Kocha akija atamwambia anunue ukuta wa majani.

Wakati Mark Zuckerberg alipokuja Nairobi, Septemba 2016, alikula samaki na ugali kwa Mama Oliech. Mtu ambaye mtandao wake ndio umetufanya tupige picha kila sahani hakutafutiwa bembea na taa ya neoni. Walioishi mji huu walijua pa kumpeleka: mahali samaki wanajulikana.

Kuna mtu sasa hivi anasema mimi nataka maskini wakae kwenye ubaya, kwamba Paris ni ya wenye pesa tu. Nimesikia hoja hiyo, na aliyeisema kwanza ni dada yangu. Alitaka mahali pazuri. Alitaka akiingia kazini asubuhi asione ukuta wenye ukungu. Hiyo ni haki yake na sina neno. Lakini kwa elfu tano angepaka ukuta rangi ya manjano aipendayo, na kwa elfu tatu nyingine yule mchoraji wa mabango wa stendi angemchorea vichwa sita vya mitindo anayoisuka yeye, kwa mkono, na jina lake juu kwa herufi za kivuli. Wateja wangejiona ukutani. Hao ndio wachoraji walioizoesha Kenya rangi, na siku hizi wanakaa bila kazi kwa sababu kila duka linaagiza karatasi moja kutoka China yenye mnara mmoja wa Ufaransa. Uzuri haukukatazwa Kayole. Tulichouziwa si uzuri, ni picha ya mahali pengine, na masharti ya kutoleta watoto.

Kwa hivyo wewe kocha, kama unasoma, nina ombi la kikazi. Kabla ya kumwambia mtu atoe kitu kwenye duka lake, kaa hapo siku nzima. Kaa kwenye hilo benchi. Hesabu nani aliketi na nani baadaye alilipa. Halafu andika kwenye slaidi zako, chini ya picha ya baada, kiasi cha mkopo na tarehe duka lilipofungwa. Kama kweli unauza tajriba, hiyo nayo ni tajriba.

Jumanne iliyopita nilipata barua pepe. Mkahawa mpya unaandaa "Usiku wa Eastlands" kila Alhamisi, na wanataka mtu wa kuwaandikia hadithi za menyu, maneno mia mbili kwa kila sahani, "lugha ya mtaa ila isizidi". Nimewatumia bei yangu. Nimeongeza masharti matatu: maweita wavae nguo zao, bakshishi iwe yao, na chapo za Alhamisi zinunuliwe kwa mama wa ngazi za ghorofa yetu, kwa bei atakayoitaja yeye. Wamejibu jambo moja tu. Wanauliza kama huyo mama anatoa risiti ya eTIMS.